Ngulia: Njia ya Ndege Wasafirio Bila Mama

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa huviacha vilima vya Ukambani na kuingia katika nyika ya Tsavo. Karibu katikati ya safari, pale Mtito Andei, mabasi husimama ili abiria wanywe chai na kunyoosha miguu. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi, tukienda kuzika, kuoza, au kuwapeleka watoto shule. Hatukujua kwamba juu ya vichwa vyetu, katika giza la usiku, ipo barabara nyingine isiyo na lami wala mizani, yenye wasafiri wengi kuliko hii yetu.

Upande wa kulia, kwa mtu aendaye Mombasa, ndipo ilipo Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Ukiingia ndani, njia ya udongo mwekundu hupita kati ya migunga na mibuyu hadi chini ya vilima vya Ngulia. Hapo, kwenye ukingo wa mteremko mkali, ilijengwa hoteli ya watalii iliyofunguliwa mwaka 1969. Mchana mtu husimama ukingoni akaiona nyika yote imetandazwa chini kama mkeka, na akibahatika huona tembo wakienda kunywa maji. Lakini sisi hatukwenda kutazama tembo. Tulikwenda kwa ajili ya ndege wadogo wasiozidi uzito wa vijiko vitatu vya sukari.

Wageni wa usiku

Mwezi wa Novemba na Desemba upepo wa kutoka baharini hupanda mteremko wa Ngulia ukiwa na unyevu, na usiku hugeuka ukungu mzito. Ndege wahamao, ambao husafiri usiku ili mchana wapumzike na kula, hupita hapo kwa maelfu wakitoka kaskazini. Usiku wa mbalamwezi na anga safi hupita juu sana bila mtu kujua. Lakini mwezi ukiwa mchanga na ukungu ukitanda, nyota hufichika, na ndege huvutwa na mwanga wa taa za hoteli. Ndipo huanza kushuka.

Tulifika katika juma la mwezi mchanga. Baada ya saa sita za usiku ukungu ulipanda mpaka tusiwaone waliosimama hatua kumi mbele yetu. Kisha tukaanza kuwaona katika mwanga: kwanza mmoja, halafu kumi, halafu wasiohesabika, wakizunguka kama kumbikumbi baada ya mvua. Wataalamu na watu wa kujitolea walikuwa wamesimamisha nyavu nyembamba. Kila ndege aliyenaswa alitolewa kwa vidole vya upole, akatiwa katika mfuko wa kitambaa, akapimwa bawa na uzito, akavishwa mguuni pete nyepesi yenye namba na anwani, kisha akaachiliwa. Kazi hii ilianza mwaka ule ule wa 1969, na ndege wa kutoka Ulaya na Asia waliovishwa pete hapo wamezidi laki mbili. Baadhi ya pete hizo zimeonekana tena Bara Arabu na Ulaya, na hivyo njia ikajulikana.

Mmoja wa wageni wakuu wa Ngulia ni ndege wa rangi ya majani makavu, asiye na pambo lolote. Wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Huanguliwa mwezi Juni katika vichaka vyenye unyevu huko Ulaya, kutoka Ubelgiji hadi Urusi. Mwezi wa Agosti huwa amekwisha kuondoka. Hupitia Mashariki ya Kati, akapumzika kwa majuma mengi huko Sudan na Ethiopia, kisha akashuka kupitia Kenya kwenda Zambia, Malawi na hata Afrika Kusini.

Mtaalamu mmoja alipotuonyesha ndege wa aina hiyo ambaye hakuwa ametimiza nusu mwaka, jambo moja lilitushika sisi akina mama kuliko mengine yote. Ndege huyu hakuletwa na wazazi wake. Wakubwa hutangulia kuondoka, na mtoto hufuata baadaye peke yake, usiku, katika njia asiyowahi kuiona. Basi ni nani aliyemwambia siku ya kuondoka, upande wa kuelekea, na mahali pa kukomea?

Methali mbili zinazogombana

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo tukizisikiliza vizuri zinagombana. Moja yasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyingine yasema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya kwanza humtwika mzazi mzigo wote. Ya pili humtua mzigo huo na kuutia katika damu. Na mwanamke aliye katika ndoa anajua jinsi methali hizi zinavyotumiwa nyumbani. Mtoto akishika nafasi ya kwanza darasani, amefuata ukoo wa baba yake. Akianza kutoroka shule, mama hakumlea, au tabia hiyo imetoka ujombani.

Katika habari za ndege, swali hili la damu na malezi limepimwa kwa uvumilivu mkubwa, na mengi ya majibu yake yalipatikana Ujerumani, huko Radolfzell, karibu na ziwa liitwalo Bodensee. Hapo mtaalamu Peter Berthold na wenzake walifuga ndege mmoja mwimbaji wa Ulaya ambaye dume lake lina utosi mweusi kana kwamba amevaa kofia, na jike lake lina utosi wa hudhurungi. Tumwite kofia-nyeusi.

Watu wa Ulaya wanaofuga ndege walijua tangu zamani kwamba ndege mhamaji aliye kizimbani hukosa usingizi msimu wa safari unapofika. Usiku kucha hurukaruka na kupigapiga mabawa, ingawa chakula anacho na baridi haimpati. Wataalamu waliweka vyombo vya kuhesabu miruko hiyo. Wakaona kwamba ndege ambao kwao safari ni ndefu huhangaika kwa majuma mengi, na wale ambao safari yao ni fupi huhangaika kidogo. Na hao walikuwa wamelelewa kwa mkono wa binadamu tangu wakiwa makinda. Hapakuwa na mama wa kuwaambia kitu.

Nusu kwa baba, nusu kwa mama

Kisha ndege wa Ujerumani, ambao huhama, wakaozwa na ndege wa aina ile ile kutoka Visiwa vya Kanari, ambao hawaendi mbali. Matokeo yalitangazwa mwaka 1981. Watoto waliozaliwa hawakufuata upande wa baba peke yake wala wa mama peke yake. Walihangaika kwa kipimo cha katikati.

Mwaka 1991 mtaalamu Andreas Helbig alieleza jambo jingine. Kofia-nyeusi wa magharibi ya Ulaya huelekea kusini-magharibi, upande wa Hispania. Wale wa mashariki huelekea kusini-mashariki, wakazunguka bahari ya Mediterania, na baadhi yao huja mpaka kwetu Kenya na Tanzania. Alipowaozesha wa Ujerumani na wa mashariki ya Austria, watoto wao walielekea katikati, yaani kusini. Hebu tufikiri maana yake. Kama wangeachiliwa porini, njia hiyo ya katikati ingewapeleka moja kwa moja kwenye milima ya Alpi na bahari iliyo mbele yake, njia ambayo wazee wa pande zote mbili waliizunguka. Urithi wa wazazi wawili wazuri unaweza kumweka mtoto katika njia ngumu bila yeyote kati yao kuwa na kosa.

Tunaomba akina mama walisome jambo hili mara mbili. Binadamu si ndege, na tabia ya mtoto haipimwi kwa kizimba na taa. Lakini tukitaka kusema habari za damu, basi tuseme kwa haki: mtoto hupokea kwa wote wawili. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kuhesabu mema upande wa ukumbini na mabaya upande wa jikoni.

Siku hizi wataalamu wamefika ndani zaidi, mpaka kwenye chembe za urithi zenyewe. Huko Sweden yupo ndege mwingine mdogo wa rangi ya kijani kibichi na manjano, mwenye uzito wa gramu kumi hivi. Wale wa kusini mwa nchi huenda Afrika Magharibi, na wale wa kaskazini huja Afrika Mashariki na Kusini. Mwaka 2023 watafiti waliowafungia ndege hao vyombo vidogo vya kurekodi njia walitangaza kwamba tofauti hiyo ya upande inaelezwa kwa sehemu kubwa na sehemu mbili tu katika urithi wao wote. Chembe hizo zimekaa ndani ya yai dogo kuliko ncha ya kidole gumba, na ndani yake imo njia ya kutoka Sweden mpaka kwetu.

Ukoo unaogeuka

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo ya urithi yakishaandikwa hayafutiki. Ndivyo tulivyodhani wengi wetu tulipoanza safari. Lakini kofia-nyeusi hao hao wanafundisha vingine.

Kusini mwa Ufaransa wapo kofia-nyeusi wa aina mbili katika kundi moja: karibu robo tatu huhama, na robo hubaki. Berthold na wenzake walichukua makinda wa huko, wakawaozesha wahamaji kwa wahamaji na wakaaji kwa wakaaji. Mwaka 1990 walieleza kwamba kati ya vizazi vitatu na sita vilitosha kupata ukoo ambao karibu wote huhama, na ukoo mwingine ambao karibu wote hubaki. Vizazi sita vya ndege ni miaka michache tu. Mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza la saba, na katika muda huo desturi ya ukoo mzima ikawa imegeuka.

Na jambo kama hilo limetokea pia porini, bila mkono wa mtaalamu. Zamani, kofia-nyeusi aliyeonekana Uingereza wakati wa baridi kali alikuwa nadra. Tangu miaka ya 1960 wakaanza kuonekana wengi. Ikagundulika kwamba baadhi ya ndege waliozaliwa Ujerumani na nchi jirani, badala ya kwenda Hispania, walielekea kaskazini-magharibi. Huko Uingereza walikuta bustani ambamo wenyeji, wengi wao akina mama na wazee, huwawekea ndege mbegu na mafuta kwenye meza ndogo msimu wa baridi. Mwaka 1992 kikundi cha Berthold kilieleza kwamba makinda ya ndege hao, yaliyozaliwa kizimbani Ujerumani na yasiyowahi kuiona Uingereza, nayo yalielekea huko huko. Njia mpya ilikuwa imeingia katika urithi.

Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita mageuzi. Si kwamba ndege aliamua kubadilika. Katika kila kizazi wamo wachache wenye mwelekeo tofauti kidogo na ndugu zao. Majira yakiwa vile vile, hao hupotea na kufa. Majira yakibadilika, huenda wao ndio wakapona, wakarudi mapema, wakajenga kiota, na watoto wao wakaurithi mwelekeo huo.

Neno hilo mageuzi huwatia hofu baadhi ya wenzetu kanisani, kana kwamba lina nia ya kumwondoa Mungu mahali pake. Sisi tulipokuwa Ngulia hatukuona hivyo. Tuliona kwamba Muumba aliyewapa ndege njia hakuwafungia njia hiyo kama jela. Amewapa urithi unaoweza kupinda wakati dunia inapopinda. Nasi twadhani hilo ni la kumshukuru, si la kuliogopa.

Mkaaji wa Nakuru asiyelala

Hata ndege wetu wenyewe wamo katika habari hii. Karibu na ziwa Nakuru yupo ndege mdogo, dume lake lina kichwa cheusi, doa jeupe shingoni na kifua chekundu kama kutu. Hupenda kukaa juu ya kijiti au waya wa ua. Huyu si mhamaji. Mume na mke hukaa katika eneo lao mwaka mzima. Ndugu zake wa Ulaya na Siberia ndio wanaohama.

Mtaalamu Eberhard Gwinner aliwachukua baadhi ya ndege wa Nakuru akawafuga Andechs, Ujerumani, ambako aliwalinganisha na jamaa zao wa kaskazini. Mwaka 2006, miaka miwili baada ya kifo chake, matokeo aliyoyaandika pamoja na Barbara Helm yalichapishwa. Ndege wa Nakuru, ambao kwao hakuna anayesafiri, nao walihangaika usiku msimu wa safari ulipofika. Walihangaika kidogo kuliko wahamaji, lakini walihangaika, na kwa majira yake.

Hivyo hata katika mkaaji imo safari iliyolala. Tulipoelezwa haya tulitazamana. Ni nani kati yetu asiye na mtoto mtulivu, wa kukaa karibu na jiko, ambaye siku moja alisema ghafla, "Mama, nataka kwenda"?

Yasiyorithiwa

Sasa turudi kwenye methali yetu ya kwanza, ile ya malezi, maana nayo ina haki yake.

Katika miaka ya 1950 Mholanzi A. C. Perdeck alifanya jaribio kubwa. Kwezi waliokuwa wakihama walikamatwa karibu na mji wa The Hague, zaidi ya elfu kumi na moja, wakapelekwa kwa ndege ya abiria wa angani mpaka Uswisi na kuachiliwa huko. Matokeo yalitoka mwaka 1958. Kwezi wachanga, waliokuwa katika safari yao ya kwanza, walishika upande ule ule waliorithi. Kwa kuwa walianzia mahali pengine, walifika kusini mwa Ufaransa na Hispania, mahali ambapo ukoo wao haukuzoea. Lakini kwezi wakubwa, waliokwisha kusafiri siku za nyuma, waligeuza njia na kuelekea kule walikozoea, kaskazini mwa Ufaransa na Uingereza.

Urithi ulimpa mchanga mwelekeo. Haukumpa ujuzi wa kujisahihisha akipotezwa. Huo hupatikana kwa kusafiri na kujifunza.

Na yule ndege wetu wa Ngulia, wa rangi ya majani makavu, ana fundisho zuri kupita yote. Njia ameirithi, lakini wimbo hakuurithi. Baba yake huacha kuimba makinda yanapoanguliwa, kwa hiyo mtoto hapati nafasi ya kujifunza kwake. Badala yake husikiliza ndege wengine wa mahali alipozaliwa na wa mahali anapopita, akaiga. Mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alichunguza nyimbo hizo Ubelgiji, na mwaka 1979 akaeleza kwamba kila dume huiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yake ni ndege wa Afrika. Kwa hiyo mwezi wa Mei, katika kichaka cha Ubelgiji, mtu akisikiliza vizuri atasikia ndege wa nyika zetu wakiimba katika koo la mgeni aliyelala kwetu na kurudi kwao. Alikuja bila wimbo, akaupata njiani, miongoni mwa wenyeji waliompokea.

Tumfungashie nini?

Kila Januari akina mama husimama kwenye vituo vya mabasi na masanduku ya bati, wakiwapeleka watoto shule za bweni. Wengine huwasindikiza binti kwenda kwa waume zao, au vijana kwenda kutafuta kazi mjini na ng'ambo. Tunafunga godoro, sabuni, maandazi ya njiani. Halafu tunarudi nyumbani na kulala macho, tukijiuliza kama tumempa kinachotosha.

Ngulia haikutupa jibu la maswali yote, lakini imetutua sehemu ya mzigo. Yapo mambo ambayo mtoto ameondoka nayo tangu tumboni, kutoka kwetu na kutoka kwa baba yake, nasi hatuna sababu ya kujisifu wala kujilaumu kwayo. Yapo mengine ambayo hawezi kuyapata ila kwa kufundishwa: kutambua kwamba amepotea, kugeuka, kurudi katika njia. Hayo ndiyo kazi yetu kabla hajaondoka, na yanafundishwa mezani na shambani, kidogo kidogo. Na yapo ya tatu, yaani wimbo wake, ambayo atayapata kwa watu watakaompokea. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa mwenzake nyumbani, awe mpangaji, mwanafunzi au mkwe, akumbuke kwamba mtoto huyo anasikiliza.

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliwataja koikoi, hua, mbayuwayu na korongo kuwa wanajua wakati wao, akawaaibisha nao watu wa Mungu waliousahau wao. Aliandika hayo zamani sana kabla ya pete na vyombo vya kurekodi.

Mwisho, ombi dogo. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, ndege wadogo wasiojulikana wakijaa katika vichaka vya nyumbani, tuwakataze watoto kuwapiga kwa manati. Wametoka mbali, na wengi wao wako katika safari ya kwanza. Na mtu akimkuta ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, asiitupe. Aandike namba yake, tarehe na mahali, akapeleke habari kwenye anwani iliyoandikwa juu ya pete. Huenda ikawa ndiyo habari pekee itakayojulikana duniani kuhusu safari ya mtoto huyo mmoja.